Baba ana ugonjwa wa figo na chakula kimemshinda. Nipike nini?

*"Shikamoo mtaalamu. Baba yangu ana miaka 61. Miezi minne iliyopita aligundulika ana ugonjwa sugu wa figo. Karatasi ya maabara ilionyesha eGFR, yaani kipimo cha uwezo wa figo kuchuja damu, ni 38 na potasiamu 4.7. Anatumia losartan kwa ajili ya presha, hana kisukari. Daktari alisema apunguze chumvi na asile nyama nyingi, basi. Nyumbani tukaona tuwe makini zaidi: tumeondoa chumvi kabisa, nyanya, maharage, viazi, ndizi, mayai na nyama yote. Anakula wali mweupe na kabichi ya kuchemsha. Wiki tatu zilizopita nilinunua chumvi ya watu wa presha, ile iliyoandikwa haina sodiamu, angalau aonje kitu. Bado anakula vijiko vitatu anasukuma sahani, anasema ni kama anatafuna karatasi. Alikuwa na kilo 75, sasa ana 68. Je, kuna namna ya kupika chakula chenye ladha bila kumuumiza figo? Na je, nipike sufuria mbili, yake na yetu?"*

Marahaba, binti yangu. Ladha inawezekana, na nitakueleza namna ya kuipata. Lakini kabla hatujaingia jikoni kuna jambo la kufanya leo: hiyo chumvi isiyo na sodiamu iondoe mezani. Pakiti yake usiitupe, utakwenda nayo hospitali.

Chumvi ya kawaida ni kloridi ya sodiamu. Ukiondoa sodiamu, lazima kitu kingine kishike nafasi yake, na katika bidhaa nyingi za aina hiyo kinachowekwa ni kloridi ya potasiamu. Geuza pakiti usome: mara nyingi utakuta KCl au E508. Kwa mtu mwenye figo nzima na presha ya kupanda, wala si bidhaa mbaya. Kwa baba yako ni hatari, na hatari yenyewe inatoka pande mbili. Figo ndizo zinazotoa takriban asilimia 90 ya potasiamu tunayokula, na zake zimepungua nguvu. Halafu losartan, ambayo ni dawa nzuri kwa presha na kwa figo zenyewe, hupunguza homoni inayoiamuru figo kutoa potasiamu. Robo kijiko cha chai cha chumvi hiyo, ikiwa ni kloridi ya potasiamu tupu, ina zaidi ya miligramu 600 za potasiamu. Ndizi moja ya wastani ina kama 420. Kwa hiyo mmemnyima ndizi, halafu mkamnyunyizia zaidi ya ndizi kwenye sahani.

Sikulaumu. Pakiti imeandikwa vizuri, na wengi wanaokuja kwangu wameinunua kwa nia hiyo hiyo njema. Ila ile 4.7 ya kwenye karatasi ni ya kabla ya chumvi hii, kwa hiyo haituambii lolote kuhusu leo. Mpeleke apimwe damu tena wiki hii: potasiamu, pamoja na kreatinini na urea, taka ambazo figo huzichuja. Potasiamu ikipanda mara nyingi haijionyeshi kwa dalili yoyote mpaka inapovuruga mapigo ya moyo, ndiyo maana nasema apimwe hata kama anaonekana mzima. Akianza kulegea miguu, moyo kwenda mbio au kuruka mapigo, kuishiwa pumzi, kuzimia au kuumwa kifua, usisubiri siku ya kliniki. Mpeleke idara ya dharura saa hiyo hiyo. Na losartan asiache kwa uamuzi wenu; mwenye kuigusa ni daktari wake.

Sasa hizo kilo 7. Kupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya uzito kwa miezi minne ni jambo kubwa, na nisingependa tulifunike kwa maelezo ya chumvi peke yake. Ni kweli figo zikichoka sana, urea hujaa kwenye damu na mate, bakteria wa mdomoni huigeuza kuwa amonia, na mgonjwa huhisi ladha ya chuma au harufu kama ya mkojo mdomoni. Hali hiyo kwa kawaida huja uchujaji ukiwa umeshuka zaidi ya hapo. Mtu mwenye eGFR ya 38, yaani hatua ya 3b ya ugonjwa huu, kwa kawaida bado anaonja chakula vizuri. Ninachokishuku zaidi ni kile kilichoko sahani: wali mweupe na kabichi isiyo na chumvi kwa miezi minne ungemkondesha hata mwenye afya. Lakini kushuku si kupima. Daktari amwangalie pia meno na mdomo, dawa nyingine anazomeza, choo kigumu, na hali ya moyo wake. Mtu aliyeambiwa figo zinakufa anaweza kukosa hamu kwa sababu ya huzuni tu.

Tuje kwenye ile orodha ya marufuku. Daktari aliwaambia mambo mawili, nyinyi mkaongeza matano: nyanya, maharage, viazi, ndizi na mayai. Naelewa inavyokuwa: kila anayesikia neno figo ana chakula chake cha kukataza. Tatizo ni kwamba orodha hizo zimechanganya wagonjwa wa aina tofauti. Anayesafishwa damu kwa mashine na potasiamu yake imefika 6 ana masharti yake, na baba yako, aliyekuwa na 4.7, ana yake. Kipimo cha kawaida cha potasiamu ni kati ya 3.5 na 5.0. Mtu aliye ndani ya hapo hana sababu ya kunyimwa nyanya na maharage eti kwa kuwa tu ana ugonjwa wa figo. Anapimwa, na chakula kinafuata majibu.

Protini nayo imeeleweka vibaya. Kwa mtu wa hatua yake asiyesafishwa damu, mwongozo wa kimataifa wa wataalamu wa figo wa mwaka 2024 unapendekeza gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa kilo 68 ni kama gramu 54. Hebu tuzione mezani: yai moja lina gramu 6, kipande cha kuku au samaki aliyeiva, ukubwa wa kiganja bila vidole, kama 25, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, vikombe viwili vya wali kama 8. Imetimia 54. "Nyama si nyingi" maana yake ni hiyo: kipande kimoja kwa siku badala ya vitatu. Akikosa protini kabisa mwili unaanza kula misuli yake wenyewe, na misuli ikivunjwa taka zake zinaishia kwenye figo zile zile mnazotaka kuzipumzisha. Kwa jinsi alivyokonda, huenda mtaalamu wa lishe akapiga hesabu kwa uzito wake wa zamani. Mwachie yeye aamue, maana atamwona kwa macho.

Maharage nayatetea kwa sababu nyingine tena. Watu huyakataza kwa ajili ya fosforasi, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa na ambayo yakizidi huathiri mifupa na kukakamaza mishipa ya damu. Lakini fosforasi ya kwenye maharage, dengu na nafaka nzima imefungwa ndani ya kitu kiitwacho faiteti ambacho tumbo letu halikimeng'enyi vizuri, kwa hiyo sehemu kubwa hupita bila kufyonzwa. Ile ya kwenye nyama na maziwa hufyonzwa zaidi. Ile inayotiwa kiwandani hufyonzwa karibu yote, na hiyo ndiyo ya kuiogopa. Iko kwenye soseji, nyama za kopo, jibini laini za kiwandani, soda nyeusi, na hata kuku wa barafu waliodungwa maji ya chumvi. Kwenye lebo tafuta neno lolote lenye herufi "phos" ndani yake, au namba E338 hadi E341, E343, na E450 hadi E452. Ukizikuta, rudisha bidhaa rafuni. Nikilazimika kuchagua kati ya bakuli la maharage ya nyumbani na soseji moja, sifikirii mara mbili.

Chumvi yenyewe ndiyo adui wa kweli hapa, na daktari wenu hakukosea. Figo dhaifu hushindwa kuitoa sodiamu, sodiamu huvuta maji, maji huongeza presha, na presha huumiza vile vichujio vidogo vilivyobaki. Chumvi nyingi pia huipunguzia losartan nguvu. Ila kinachotakiwa ni kupunguza, si sifuri. Kiwango ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, ukijumlisha kila kitu: ya kwenye mkate, ya kwenye siagi, ya kwenye sufuria. Na usihangaike na chumvi ya baharini au ile ya mawe ya rangi ya waridi. Zote ni kloridi ya sodiamu, tofauti ni rangi na bei.

Mlichokosea ni kuikata siku moja. Ulimi huzoea chumvi kidogo kidogo. Mtu akipunguziwa taratibu, baada ya wiki kadhaa hadi miezi miwili mitatu chakula cha zamani huanza kumwonekea kichungu kwa chumvi. Akinyang'anywa ghafla anaona ameadhibiwa. Tena chumvi haileti uchumvi tu. Huzima uchungu na huamsha harufu. Ndiyo maana kabichi iliyochemshwa bila chumvi inanuka na kukwaruza ulimi. Ukitaka kuipunguza, tafuta wa kuifanyia hizo kazi nyingine.

Kazi ya kwanza mpe uchachu. Ndimu, limau au siki vikitiwa mwishoni, baada ya kuepua, huufanya ulimi uhisi chumvi ni nyingi kuliko ilivyo. Ukiivisha ndimu na mchuzi nusu saa, harufu yake yote imekwenda na mvuke na umebaki na ukali mtupu. Nusu ndimu kwa sufuria ya watu wanne inatosha kuanzia. Na hapa nitoe onyo moja zito: usitafute uchachu kwenye karambola, lile tunda ambalo ukilikata linatoa umbo la nyota, wala kwenye ndugu yake birimbi. Karambola ina sumu ya ubongo ambayo figo nzima huitoa na figo mbovu huiacha ijae. Kumekuwa na wagonjwa waliopata kwikwi isiyokoma, kuchanganyikiwa, degedege na hata kufa. Birimbi ina oksalati nyingi, nayo imeshaharibu figo za watu waliokunywa juisi yake. Hayo mawili hayana kiasi salama kwake.

Kazi ya pili mpe moto. Chakula kilichochemshwa tu hakijawahi kupita nyuzi 100, na ladha nyingi nzito huzaliwa juu ya hapo, protini na sukari zinapokutana kwenye kikaango kikavu chenye moto. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza jambo hilo mwaka 1912, ingawa wapishi walikuwa wanalijua zamani sana. Kwa hiyo kausha kuku kwa kitambaa kabla ya kumweka kwenye mafuta. Akiwa na maji atatokota badala ya kubadilika rangi. Usijaze kikaango, na usimgeuzegeuze.

Nikuonyeshe kwa chakula kimoja, mchuzi wa kuku wa watu wanne. Kaanga vipande vya kuku upande mmoja hadi viwe vya kahawia, geuza, kisha vitoe pembeni. Kwenye mafuta yale yale weka vitunguu viwili vikubwa vilivyokatwa vyembamba, punguza moto, na uvipe dakika 20 bila haraka. Mwanzoni vitalainika, kisha vitanata, kisha vitakuwa na rangi ya kahawia na harufu tamu. Hapo ndipo wengi huvikatisha mapema, na huo utamu ndio utakaofunika pengo la chumvi. Wakati vinaiva, kausha kijiko cha chai cha bizari nyembamba na mbegu za giligilani kwenye kikaango kingine bila mafuta mpaka zinukie, uzitwange. Tia kitunguu saumu na tangawizi kwenye vitunguu, subiri dakika moja, tia bizari, pilipili manga, na nyanya moja iliyokatwa. Nyanya moja kwa watu wanne si tatizo; rojo la nyanya la kopo ndilo lenye potasiamu iliyokusanywa, na mara nyingi chumvi pia. Mwagia maji kidogo, kwangua yale yaliyoganda chini kwa mwiko, maana ladha imekaa hapo, rudisha kuku aive.

Chumvi ije mwisho kabisa, ukiwa umezima moto. Nusu kijiko cha chai kwa sufuria nzima, uipime kwa kijiko, mkono hauaminiki. Ni kama gramu 3, yaani kila mtu anapata chini ya gramu moja. Kamulia ndimu, tupia majani ya giligilani, funika dakika mbili. Baba yako ale huo kwanza, ndipo tuzungumze tena kuhusu kutafuna karatasi.

Kuna vitu vinavyojifanya viungo na ni chumvi iliyobadilishwa jina: vile vidonge vya supu, unga wa mchuzi wa pakiti, sosi ya soya, chumvi ya kitunguu saumu. Soma mpangilio wa viambato. Kinachotajwa kwanza ndicho kingi zaidi, na kwenye vidonge vya supu mara nyingi ni chumvi. Nunua viungo vitupu, uchanganye mwenyewe. Mdalasini, iliki, karafuu na manjano kwa kipimo cha jikoni havina shida. Sizungumzii vidonge vya mitishamba wala dawa za "kusafisha figo", maana baadhi ya mitishamba yenyewe huua figo. Hizo mkatalieni kila mtu anayezileta, hata kama ni shemeji.

Na ikiwa kipimo kipya kitaonyesha potasiamu imepanda? Kwanza chumvi ile itakuwa imeshaondoka, na daktari atarudia kupima. Ataangalia pia kama anameza dawa za maumivu kama ibuprofen au diklofenaki, ambazo huumiza figo na kupandisha potasiamu, na kama ana choo kigumu, kwa sababu figo zikidhoofika utumbo husaidia kuitoa. Ikibidi kupunguza kwenye chakula, kuna ufundi wake. Viazi vikatwe vidogo vidogo, vichemshwe kwenye maji mengi, maji yamwagwe. Vipande vidogo hupoteza karibu nusu ya potasiamu yake. Kuviloweka tu usiku kucha kwenye maji baridi, kama wengi wanavyoshauriwa, husaidia kidogo mno, moto ndio unaoitoa. Yale maji usiyapikie supu. Na ukishavichemsha unaweza kuvikaanga na kitunguu na bizari vikawa vitamu kabisa. Lakini kama potasiamu iko sawa usifanye hivyo, utakuwa unamwaga vitamini bure.

Umeniuliza mwisho kuhusu sufuria mbili. Pika moja. Chakula nilichokueleza kinawafaa nyote, na mwenye presha ya kurithi katika familia yenu, pengine wewe mwenyewe, kitamfaa zaidi. Anayetaka kuongeza chumvi aongeze kwenye sahani yake. Baba akila peke yake kwenye sufuria yake ya mgonjwa, hamu inaondoka kabla hajakaa. Kwa sasa mpe milo midogo mara nne au tano, mrudishie yai na kipande cha kuku kesho. Maharage na nyanya kama ile ya kwenye mchuzi navyo vinaruhusiwa. Viazi na ndizi visubiri siku mbili tatu hizi mpaka majibu yatoke. Mpime uzito kila wiki asubuhi kabla hajala. Akiendelea kushuka wiki mbili baada ya chakula kubadilika, au akianza kutapika, kuvimba miguu, au mkojo kupungua, rudini hospitali bila kungoja tarehe. Mkienda, omba kuonana na mtaalamu wa lishe anayehudumia wagonjwa wa figo, na ubebe karatasi zote za maabara, dawa zake zote, na ile pakiti ya chumvi.